Mtazamaji na Mahali pa Kukaa

Skuli inapotayarisha mchezo wa kuigiza, kila mtu hufundishwa ila mtazamaji. Mchezaji hufunzwa maneno yake na hatua zake. Mwenye taa hufunzwa lini awashe na lini azime. Hata kijana wa pazia huvutishwa kamba mara kwa mara mpaka mkono ukazoea. Mtazamaji yeye hufungua mlango, akatafuta kiti, akakaa. Watu wadhani kutazama ni kazi ya macho tu, na macho kila mtu kajaaliwa. Lakini watu wawili waweza kutoka katika ukumbi mmoja, usiku mmoja, huyu akasema mchezo ulikuwa mzuri ajabu, na mwenzake akasema haukuwa na maana yo yote. Na ukiwauliza walikaa wapi, utaona kwamba kwa hakika hawakutazama mchezo mmoja.

Somo hili limeandikwa kwa kuwa mwisho wa mwaka skuli yetu itakuwa na mchezo, na wazee watakaribishwa. Katika mikusanyiko ya skuli hapa Pemba huwapo kina mama waliotoka mbali kwa gari ya asubuhi, kuja kumwona mtoto wao akisimama jukwaani kwa dakika tatu. Mama huyo aghlabu hukaa nyuma, au pembeni karibu na dirisha, kwa sababu viti vya mbele vimewekewa wageni. Dakika zake tatu zikifika, alionalo ni migongo na kofia. Hurudi nyumbani akasema, "Alhamdulillahi, ilikuwa nzuri," kwa sababu ya adabu. Jambo hili lina dawa, na dawa yenyewe haina gharama kubwa, lakini yataka fikra kidogo.

Tuanze kwa michezo yetu wenyewe. Katika kirumbizi, wachezaji wawili wenye bakora husimama kati na watu wakazunguka duara. Hakuna mbele wala nyuma, na hakuna kiti cha heshima; aliyewahi huchutama, wa pili husimama, na mtoto hupenya baina ya miguu ya wakubwa. Duara ni jukwaa la kale kuliko majukwaa yote, na kwa mchezo wa kupigana halina mfano wake, kwani mchezaji hana haja ya kumwelekea mtu ila adui yake. Katika mchezo wa ng'ombe, unaochezwa Chwale na Kengeja na kwengineko kisiwani, duara hupanuka, kwa sababu ng'ombe hana ahadi na mtu. Hapo watazamaji wenye busara hupanda mikarafuu na miembe. Wengine husema mchezo huu ni athari ya Wareno waliokuwa wakitawala mwambao, yawezekana. Lakini wao nchini mwao walijenga viwanja vya mawe vyenye ngazi za kukalia, na sisi tukatumia miti. Aliye juu ya mti huona mambo mawili ambayo aliye chini hayaoni: huona mzunguko wote wa ng'ombe, na huona jinsi umati unavyofunguka na kufunga kama wimbi.

Katika taarabu mambo ni mengine. Pale mtu hachagui kiti kwa ajili ya kuona tu, bali na kwa ajili ya kuonekana. Wimbo ukimgusa, huinuka akaenda mbele kumtunza mwimbaji, na kila mtu humwona nani kainuka na kwa ubeti gani. Aliyekaa katikati ya safu, amebanwa na magoti ya watu, hawezi kujibu wimbo. Kwa hiyo wajuao hukaa karibu na njia. Hata hilo ni elimu ya kuchagua kiti, ingawa halijaandikwa katika kitabu cha skuli.

Sasa nitachukua mfano wa kigeni kabisa, yaani baleti, ngoma ya Ulaya ambayo hapa Pemba hatuichezi. Nimeichagua kwa sababu katika baleti hakuna maneno. Katika mchezo wa kuigiza, asiyeona husikia. Katika taarabu, asiyeona huenda akafaidi zaidi. Lakini katika baleti asiyeona vizuri hubaki na muziki tu, na hadithi yote humpita. Basi watu wa baleti wamelazimika kufikiri sana juu ya mambo mawili, mahali pa mtazamaji na vazi la mchezaji, na mafunzo yao twaweza kuyatumia.

Mwaka 1581, katika jumba moja la kifalme mjini Paris, ulichezwa mchezo mkubwa wa ngoma kwa ajili ya harusi, mbele ya Mfalme Henri III. Hapakuwa na jukwaa lililoinuliwa. Wachezaji walicheza sakafuni katikati ya ukumbi. Mfalme alikaa upande mmoja, na watu wengine walikaa kandokando na katika roshani za juu. Kwa kuwa wengi walitazama kutoka juu, uzuri wa ngoma ulikuwa katika michoro iliyochorwa na wachezaji sakafuni: duara, pembe tatu, mraba, mistari inayokatana. Mfano wake ni mkeka wetu wa rangi. Anayeukalia huona milia miwili mitatu, na anayesimama juu yake huona mchoro mzima.

Baadaye mambo yakageuka. Mfalme Louis XIV, aliyekuwa mchezaji hodari yeye mwenyewe, alianzisha mwaka 1661 chuo cha ngoma mjini Paris, na muda si muda baleti ikahama kutoka sakafuni ikapanda jukwaani, watazamaji wote wakiwa upande mmoja. Mabadiliko hayo yaligeuza hata miguu ya watu. Mchezaji anayetazamwa kutoka mbele tu hupendeza zaidi akizigeuza nyayo zake nje, huu kulia na huu kushoto, ili upande wa ndani wa mguu uonekane. Mtindo huo umebaki hadi leo kuwa msingi wa baleti. Angalieni basi: mahali walipokaa watu ndipo palipoamua mguu wa mchezaji uelekee wapi.

Kutokana na historia hiyo twaweza kujibu swali ambalo wengi hudhani lina jibu moja: katika jumba la baleti, kiti kizuri ni kipi? Mwenye kukaa safu ya kwanza huona nyuso, jasho, na ushonaji wa nguo. Husikia pia kishindo cha viatu, ambacho kwa wengine huharibu ndoto. Lakini jukwaa likiwa refu, nyayo humpotea. Mwenye kukaa juu, katika roshani, haoni uso, ila huona michoro. Katika mchezo uitwao Ziwa la Mabatamaji, kwa mtindo uliotungwa na Petipa na Ivanov huko Urusi mwaka 1895, wako wanawake zaidi ya 20 waliovaa mavazi meupe, wakienda kwa safu kama ndege. Aliye mbele huwaona watu wanne wa safu ya kwanza na vichwa vya waliobaki. Aliye juu huona kundi zima likigeuka pamoja. Na anayekaa pembeni kabisa hukosa sehemu ya jukwaa iliyo upande wake mwenyewe, maana pazia na ukuta humzibia. Kwa hiyo watu wengi wenye uzoefu hununua kiti cha katikati, mbali kidogo na jukwaa, na mahali palipoinuka. Mfalme mwenyewe hakuwekwa puani mwa wachezaji. Wachora mapazia walipanga picha zao ili zionekane sawasawa kutoka kwenye kiti chake, nacho kilikuwa nyuma kiasi.

Kwa majumba ya sinema yetu hali ilikuwa hiyohiyo. Unguja mjini palikuwa na Royal, lililofunguliwa 1921, likaungua 1954, na mahali pake pakajengwa Majestic. Katika majumba ya namna hiyo viti vya rahisi vilikuwa mbele, chini ya turubai la picha, ambapo mtu hutoka na shingo imekakamaa. Vya ghali vilikuwa nyuma na juu. Ajabu ni kuwa wazee walewale waliolipa fedha zaidi wakae nyuma katika sinema, huvunjika moyo wakiwekwa safu ya tano katika mchezo wa skuli.

Tuje kwenye mavazi, na hapa ndipo penye mabishano. Mwanafunzi akionyeshwa picha ya baleti, maoni yake ya kwanza huwa, "Vazi fupi." Si vibaya kusema hivyo, sisi tuna dini yetu na desturi zetu, na hapana anayetutaka tuziache mlangoni. Lakini "vazi fupi" ni kipimo, si maoni. Maoni huanza tunapouliza: vazi hili lafanya kazi gani, na kazi hiyo ingeweza kufanywa na vazi jengine?

Huko Ulaya kwenyewe vazi hilo halikuanza fupi. Wanawake wa kwanza wa baleti walivaa nguo nzito za kufika chini, na ufundi wa nyayo zao haukuonekana. Katika karne ya 18 mchezaji mmoja wa Paris, Marie Camargo, mwenye miguu myepesi sana, alipandisha upindo hadi juu ya kifundo cha mguu ili watu waione kazi yake. Palikuwa na makelele. Mwaka 1832 Marie Taglioni alicheza La Sylphide akiwa amevaa vazi jeupe lililofunguka kama kengele, la kupita goti, akisimama juu ya ncha za vidole kama kwamba hana uzito. Lile vazi fupi la kusimama kama sahani lilikuja baadaye, katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, mazoezi ya miguu yalipokuwa magumu zaidi. Na kinyume na watu wanavyodhani, vazi la sahani lina kasoro yake kwa mtazamaji: ukilitazama kutoka roshani ya juu, huziba miguu ileile lililokusudiwa kuionyesha. Kiti na vazi vimefungwa kamba moja.

Sasa linganisheni na lelemama ya mama zetu. Kazi yake iko katika viganja, shingo na mabega. Mwendo ni mdogo, wa taratibu, na uzuri wake ni kwamba safu nzima yageuka kama mtu mmoja. Vazi refu haliuzibi ufundi huo hata kidogo, bali lausaidia, kwa kuwa sare inayofanana kutoka shingoni hadi chini hufanya safu ionekane mwili mmoja. Huko Mombasa vyama vya lelemama vilishindana kwa mavazi miaka mingi, na baadhi yao waliiga hata sare za askari. Katika msewe kazi iko miguuni, na hapo hapo pamefungwa msewe wenyewe, ukalia kwa kila hatua, ili hata aliyezibwa asikie asichokiona. Ndiyo maana mimi nashikilia kuwa wazee wetu walilijua somo hili vizuri. Vazi hufuata kiungo kinachofanya kazi. Mwanafunzi anayetaka kuhukumu vazi lo lote na aanze hapo.

Lipo jambo jengine la vazi ambalo mtazamaji halioni, nalo ni usalama. Zamani majukwaa yaliangazwa kwa miali ya gesi. Emma Livry, msichana wa Paris aliyekuwa mwanafunzi wa Taglioni, alikuwa katika mazoezi mwezi wa Novemba 1862 sketi yake ya kitambaa chepesi ilipogusa moto. Alikuwa na miaka 20. Dawa ya kuzuia kitambaa kisishike moto ilikwisha kujulikana, lakini yeye aliikataa kwa kuwa hukakamaza nguo na kuiondolea weupe. Alifariki Julai 1863. Sisi hatutumii gesi, lakini umeme ukikatika usiku wa mchezo, watu huleta mishumaa na karabai nyuma ya pazia, na pale huwapo vijana wamevaa shashi, karatasi na ndevu za pamba. Mwalimu wa mchezo na aliandike jambo hili mahali atakapoliona.

Na rangi je? Viatu na soksi za baleti zilitengenezwa kwa rangi ya waridi, ili mguu na kiatu vionekane kitu kimoja, mstari usiokatika. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mguu mweupe tu. Mchezaji mweusi akivaa waridi, mstari hukatika palepale kwenye kifundo. Dance Theatre of Harlem, kikundi kilichoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell na Karel Shook, kiliamua katika miaka ya 1970 kwamba wachezaji wake wavae soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao. Waliobaki kwengine waliendelea kupaka viatu vyao vipodozi vya uso kila siku, kazi ya kuchosha na ya gharama. Ilikuwa mpaka 2018 ndipo kampuni moja kubwa ya London, Freed, ilipoanza kuuza viatu vya kahawia, kwa kushirikiana na kikundi cha Ballet Black. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kuwa mabadiliko haya hayakukataa kanuni ya zamani, yaliitimiza. Kanuni yasema mstari usikatike, na kwa mguu mweusi ni kahawia isiyoukata.

Afrika ya Mashariki nayo ina habari zake katika jambo hili. Nairobi, katika mitaa ya mabanda, watoto wamefundishwa baleti katika vyumba vya skuli, madawati yakitolewa nje na miguu ikiwa mitupu juu ya sakafu. Mmoja aliyeanzia katika mafunzo ya namna hiyo, Joel Kioko, alicheza katika The Nutcracker ndani ya jumba la Kenya National Theatre mwezi wa Desemba 2016, kisha akaendelea na masomo London. Mwalimu Michael Wamaya, anayewafundisha watoto wa Kibera, alikuwa miongoni mwa kumi bora wa tuzo ya walimu duniani mwaka 2017. Wapo waliouliza baleti yamfaa nini mtoto wa Kibera. Swali hilo si la kudharauliwa, lakini yafaa aulizwe mtoto mwenyewe kabla ya kujibiwa na watu wazima.

Jumba hilohilo lilifunguliwa mwaka 1952, zama za ukoloni, na viti vyake vyote vyaelekea upande mmoja kwa mtindo wa Ulaya. Mwaka 1976 ulichezwa humo mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo. Mwishoni wachezaji walishuka wakipita katikati ya watu wakiimba, na watazamaji wakaondoka vitini wakacheza pamoja nao mpaka nje barabarani. Hapo kiti kilishindwa kumzuia mtu.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kamĩrĩĩthũ, kijiji kilicho Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji, wakulima na wafanya kazi wa viwandani, walijenga jukwaa la uwazini kwa mikono yao, lenye nafasi ya kukaa watu zaidi ya 2000. Vijana walianza kwa kutengeneza mfano mdogo wa vijiti vya kibiriti, wakaona nani ataona na nani atazibwa, ndipo wakachimba na kupiga misumari. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu. Mzee aliyepita akiwa na jembe begani alisimama, akasikiliza, akasema neno lile halitamkwi hivyo, na watunzi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakalisahihisha. Siku ya mchezo mtazamaji alikuwa akitazama kazi aliyokwisha kuitolea maoni. Mchezo ulianza Oktoba 1977. Serikali ikaondoa ruhusa yake mwezi wa pili yake, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Hayo ya siasa yana kitabu chake. Kwetu sisi yafaa tuchukue kile kijumba cha vijiti vya kibiriti.

Basi turudi katika ukumbi wetu, na wanafunzi wa hesabu wanoe kalamu. Tuchukue kwamba jukwaa lina kimo cha sentimita 80. Mtu aliyekaa kitini, jicho lake liko kiasi cha sentimita 112 kutoka chini, na utosi wake uko 12 zaidi, yaani 124. Safu ya kwanza iko mita 3 kutoka jukwaani, na kutoka safu hadi safu ni sentimita 90. Viti vyote viko sakafuni, kila kimoja nyuma ya mwenzake, kama tunavyopanga siku zote. Mtu wa safu ya pili hutazama juu ya utosi wa mtu wa kwanza. Mstari wa macho yake hupanda sentimita 12 kwa kila 90. Mpaka ufike ukingo wa jukwaa utakuwa umepanda 40 zaidi, yaani 164 kutoka chini, au 84 juu ya mbao za jukwaa. Haoni miguu, huanzia kiunoni. Wa safu ya tano, kwa hesabu hiyohiyo, huanzia sentimita 120 juu ya mbao, yaani kifuani. Wa safu ya kumi huanzia 180. Mwanafunzi mwenye kimo cha sentimita 160 akisimama ukingoni, mtu wa safu ya kumi hamwoni kabisa, ila apinde shingo pembeni, na akipinda yeye, humziba wa nyuma yake. Yule mama wa dirishani hakukosa bahati; alikosa hesabu.

Dawa ya kwanza ni kupanga viti kama mafundi wapangavyo matofali, kila kiti kikiwa nyuma ya nafasi baina ya viwili vya mbele. Hapo anayekuziba ni wa safu mbili mbele yako. Dawa ya pili ni kuwa na vimo vitatu: safu mbili za mbele mikekani, safu mbili za kati vitini, na safu mbili za nyuma juu ya madawati. Anayekaa mkekani utosi wake haufiki sentimita 90, hivyo wa kitini amwona mchezaji hadi ukucha wa dole gumba. Na aliye juu ya dawati ampita wa kitini. Ukichanganya dawa mbili hizi, safu zote sita zaona. Mikeka tunayo, wala haikodishwi.

Dawa ya tatu yaweza kuleta ubishi. Jukwaa letu huwekwa kila mara mwisho wa ukumbi, upande mfupi, kwa sababu ndiko lilikowekwa na waliotutangulia. Ukumbi ukiwa mathalan mita 18 kwa 10, na tukaacha njia ya mita moja kila upande, safu moja ya upande mfupi huchukua watu 14, na safu sita watu 84. Tukihamisha jukwaa kwenye ukuta mrefu, safu moja huchukua 29, na sita 174. Kina chatosha: mita 3 za jukwaa, moja na nusu ya nafasi, na tano za watu. Waliomo miishoni wataona kwa upande, kwa hiyo miisho ipindwe kidogo kuelekea ndani, na mchezaji afunzwe asijifiche pembeni mwa jukwaa.

Wako watakaosema mbona tusifanye nje. Pemba si tambarare. Kila skuli ina mteremko wake, na wachezaji wakiwa bondeni na watu mlimani, kila safu huinuka bila ya seremala. Wagiriki wa kale walifanya hivyo hivyo, na jumba lao la Epidaurus, lililochongwa ubavuni mwa kilima katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, latumika hadi leo. Fikra hii ni nzuri sana kwa miezi ya kiangazi. Lakini mchezo wetu ni wa mwisho wa mwaka, na vuli haichukui kadi ya mwaliko.

Lililobaki ni wageni wa heshima. Yawekwe makochi mbele au la? Rai yangu ni kwamba heshima ya mgeni ni kuona vizuri, na kwa hesabu tuliyoifanya, mahali pazuri zaidi ni safu ya tatu, ya kwanza ya viti, katikati. Mbele yake mikekani wakae watoto wadogo, wala hawatamziba. Kushoto na kulia kwake, katika safu hiyo hiyo, wakae wazazi ambao watoto wao wanacheza usiku huo, mama na baba, kila upande na wake. Makochi yenye migongo mirefu yabaki ofisini. Pengine baadhi ya wazee hawatapendezwa na jambo hili kwa mwaka wa kwanza.

Wanafunzi wa Kidato cha Pili wanaombwa wapime ukumbi kabla ya mwisho wa mwezi: urefu, upana, kimo cha jukwaa, na kimo cha macho ya watu kumi waliokaa, watano vitini na watano mikekani, wapate wastani wetu wenyewe badala ya makisio yangu. Kisha watengeneze mfano wa vijiti vya kibiriti, kipimo cha sentimita 5 kwa mita moja, uwekwe katika maktaba ili watu wauone na waandike maoni yao. Anayeandika asiandike "nzuri" au "mbaya" tu. Aandike alikuwa angekaa wapi, angeona nini, na nini kingempotea. Kwa upande wa mavazi, dada wa kikundi cha ushoni wachukue kanga tatu na kuzitundika jukwaani, kisha warudi nyuma safu moja moja wakiandika ni safu ya ngapi jina la kanga lapotea, ya ngapi pindo lapotea, na ya ngapi unabaki mji peke yake. Kwa matokeo hayo ndipo nguo za mchezo zitakapochaguliwa.